KUKU WA HARAKA NA KUKU WA POLEPOLE

Mafundisho kwa wafugaji wa vijiji vya Butembo na Beni

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya Butembo na Beni, na ninyi mnaokaa kando ya machimbo ya dhahabu, sikieni habari hii ya kuku. Kazi hii haitaki mali nyingi, wala haitaki elimu kubwa. Yataka macho ya kuangalia na mikono ya kutenga.

Siku hizi mna kuku wa namna mbili. Wa kwanza ni kuku wa kienyeji, ambaye wazee wenu walimfuga. Huyu hukua polepole. Wa pili ni kuku wa kigeni, ambaye vifaranga wake huuzwa wakiwa wa siku moja, ndani ya masanduku ya karatasi ngumu. Wengi wao hutoka Uganda, huingia kwa njia ya Kasindi. Huyu hukua haraka.

Watu wengi hununua vifaranga wa haraka, huwatia katika kibanda kimoja na vifaranga wa nyumbani, huwamwagia wote chakula kimoja, kisha hungoja faida. Baada ya mwezi mmoja huona vifaranga wa nyumbani wamekonda na kufa, na wale wa kigeni nao hawakunenepa kama walivyoahidiwa. Ndipo husema, “Kuku hawana faida.” Lakini kosa si la kuku. Kosa ni kudhani kwamba vifaranga waliozaliwa siku moja wako sawa.

Neno kubwa la mafundisho haya ni hili: Usiwatenge kuku kwa siku zao za kuzaliwa. Watenge kwa ukubwa wao, na kila mmoja umpe kazi yake.

1. SOKO LA MACHIMBO

Kwanza fahamuni soko lenu. Mji wa Butembo wenyewe ulikua kwa ajili ya machimbo. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Minière des Grands Lacs ilifanya makao yake pale, na watu wakaja kutafuta kazi. Hata leo dhahabu huchimbwa kwa mikono huko Mangurujipa, magharibi ya Butembo, na mahali pengine. Penye wachimbaji wengi, wakulima ni wachache, na chakula hununuliwa.

Lakini fedha ya dhahabu ina tabia yake. Mchimbaji akipata, hununua kuku bila kuuliza sana bei. Asipopata, hanunui hata yai. Tena njia yaweza kufungwa kwa mvua au kwa vita. Watu wa Beni mnajua jinsi mauaji ya vijijini, tangu mwaka 2014, yalivyowahamisha wengi na kukatiza masoko. Basi mfugaji ajiulize: kuku wangu wakiwa tayari, na mnunuzi asipokuja, itakuwaje?

Kuku wa haraka hangoji. Siku yake ikipita, anazidi kula, na nyama yake haiongezeki kama kwanza. Akikaa sana, miguu hushindwa kumchukua, au moyo wake husimama ghafula. Kuku wa polepole hungoja. Hutembea uwanjani, hutafuta wadudu na majani, na mwezi ujao bado yupo. Ndiyo sababu haifai kuchagua mmoja na kumwacha mwingine. Wa haraka ni fedha ya siku inayojulikana. Wa polepole ni akiba ya nyumba.

2. WAJUE KUKU WAKO

Kuku wa nyama wa kigeni, akilishwa vizuri, hufika kilo 2 kwa majuma sita. Kifaranga wa kienyeji katika majuma hayo sita bado ni mdogo. Mara nyingi uzito wake ni kama robo kilo. Mtetea wa kienyeji huanza kutaga akiwa na miezi sita au saba. Hutaga mayai 10 mpaka 15, huyaatamia siku 21, hulea vifaranga wake, kisha hutaga tena. Kwa mwaka mzima hufanya hivi kama mara tatu.

Kati ya hao wawili yuko kuku wa kati, kama yule aitwaye Kuroiler, ambaye asili yake ni India. Katika majaribio yaliyofanywa vijijini Uganda, Kuroiler na kuku wa kienyeji waliachwa kujitafutia chakula pamoja. Kwa majuma 25 majogoo ya Kuroiler yalifika karibu kilo 3, na ya kienyeji yalifika kama kilo moja na nusu. Kuku huyu afaa kwa kijiji, lakini kuatamia si desturi yake.

Basi msimlaumu kuku wa kienyeji kwa uvivu. Mwili wake haukuumbwa kwa haraka. Umeumbwa kwa kutafuta, kukimbia mwewe, kuatamia na kulea.

3. WAKICHANGANYWA, HUTOKEA NINI?

Tuseme mama mmoja amepata fedha kidogo kwa mumewe atokaye machimboni. Ananunua vifaranga 30 wa nyama. Nyumbani ana vifaranga 12 wa kienyeji, wa siku hizo hizo. Anawaweka wote katika kibanda kimoja.

Juma la kwanza wote ni sawa, nao hulala pamoja kwa amani. Mama anafurahi.

Juma la pili wale wa kigeni wamekwisha kuwapita wenzao. Chakula kikimwagwa, wao hukizunguka kama ukuta. Wale wa kienyeji huzunguka nyuma yao wakitafuta mlango.

Juma la tatu kila mkubwa ana uzito wa wadogo kadhaa. Usiku wakijikusanya kwa baridi, wadogo hukandamizwa chini. Asubuhi mama aokota wawili waliokufa, naye hadhani kwamba wamelaliwa. Adhani ni ugonjwa au uchawi.

Juma la nne kinyesi cha wakubwa kimelowesha takataka za sakafu, kwa kuwa wanakula na kunywa sana. Penye majimaji, ugonjwa wa kuhara damu huamka. Wadogo waliokonda ndio wa kwanza kufa.

Kisha mama, akiona chakula kinakwisha, apunguza kwa wote. Sasa na wale wa nyama wanakosa haki yao, na siku ya kuuza wako nusu ya uzito. Hivyo hasara yake ni mbili: amepoteza mitetea ya kesho, na hakupata nyama ya leo.

4. NJIA ILIYO NJEMA

A. Siku kumi za kwanza

Vifaranga wa siku moja wa namna zote mbili waweza kulelewa pamoja kwa siku kumi hivi, ikiwa wote hawana mama. Wanataka joto. Juma la kwanza joto liwe digri 32 mpaka 35, kisha lipunguzwe kidogo kila juma. Kama huna kipimo, waangalie wenyewe. Wakisongamana penye moto, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kufungua midomo, wanaona joto. Wakitawanyika na kulala kwa raha, joto latosha.

Ukitumia mbabula ya makaa, acha njia ya hewa juu ya ukuta. Moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua vifaranga, nao huua watu pia.

Kama una mtetea mwenye vifaranga wa siku moja, waweza kumtia usiku vifaranga wengine wa siku moja, nao atawapokea. Lakini usimpe zaidi ya anavyoweza kufunika kwa mabawa yake. Na wa haraka wakianza kukua, watawasukuma wadogo nje ya mabawa. Siku hiyo waondoe.

B. Kutenga

Baada ya siku kumi, angalia kila asubuhi. Ukiona mmoja amekuwa mara moja na nusu ya mwenziwe, usingoje. Tenga. Ukuta si lazima uwe wa matofali. Mianzi au mabati ya zamani yatosha, mradi wakubwa wasiruke wala wadogo wasipite. Kila upande uwe na chombo chake cha maji na chombo chake cha chakula. Mita moja kwa mita moja yatosha kuku wa nyama wanane mpaka kumi; usizidishe.

C. Tenga la wadogo

Kama huna nafasi ya vibanda viwili, fanya hivi. Twaa tenga kubwa la mianzi, uligeuze kifudifudi. Kata milango midogo pande zote, upana wa vidole vitatu hivi. Ndani yake weka chakula cha wadogo na maji. Jaribu mbele ya macho yako: mdogo apite, mkubwa ashindwe. Kila juma panua milango kidogo kwa kadiri wadogo wanavyokua. Kwa njia hii wadogo hula bila kusukumwa, nao hupata mahali pa kukimbilia wakigongwa.

Lakini tenga hili ni la mchana. Usiku walale mbalimbali.

D. Chakula

Kuku wa haraka wanataka chakula chenye nguvu ya kujenga mwili. Changanya kwa uzito: mahindi yaliyovunjwa mafungu 6, soya iliyokaangwa na kusagwa mafungu 3, samaki wadogo wakavu waliosagwa fungu 1. Ongeza chumvi kidogo sana na unga wa mifupa iliyochomwa.

Kuku wa polepole hawahitaji nguvu hiyo yote. Wape mahindi mafungu 7, soya iliyokaangwa mafungu 2, samaki nusu fungu, pumba nusu fungu. Wakitoka nje wataongeza wenyewe kwa mchwa, funza na majani.

Soya ikaangwe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia chakula kujenga mwili, na vifaranga watakula bila kukua. Mahindi yenye ukungu yasitumiwe. Watu husema, “Haya yameoza, tuwape kuku.” Ukungu huo una sumu, nayo huua vifaranga polepole.

Kabla ya kununua vifaranga wa nyama, fanya hesabu. Kuku wa kilo 2 amekwisha kula kilo 4 za chakula, au zaidi. Basi kuku 50 watakula kilo 200: mahindi kilo 120, soya kilo 60, samaki kilo 20. Je, unazo? Au unayo fedha yake? Kama huna, nunua vifaranga 20, ambao watataka kilo 80. Ishirini walioshiba wana faida kuliko hamsini wenye njaa.

5. BUTEMBO SI BENI

Butembo iko juu, karibu mita 1,800, na usiku kuna baridi. Beni iko chini zaidi, na kuna joto. Kuku wanajua tofauti hiyo.

Katika nchi za juu hewa ni nyepesi. Kuku wa nyama akikua upesi mno mahali pa baridi, moyo wake huchoka, na maji hujaa tumboni. Utamwona tumbo limevimba, kishungi kimekuwa cha buluu, anahema, kisha anakufa. Ugonjwa huu hauambukizi, wala chanjo haiuzuii. Zuia hivi: wape joto la kutosha majuma matatu ya kwanza, acha hewa safi ipite, na usiwashe taa usiku kucha ili wale. Wape usiku wa kulala, ili mwili usiutangulie moyo. Kuku wa kienyeji, kwa sababu hukua polepole, ugonjwa huu haumsumbui.

Huko Beni adui ni joto la mchana. Kuku wa nyama mwenye mwili mkubwa huhema na hawezi kula. Wape maji safi ya baridi, kivuli, na chakula asubuhi mapema na jioni.

6. MAGONJWA YASIYOONEKANA

Kuku wakubwa wa nyumbani huweza kuwa na vijidudu vya kuhara damu na minyoo bila kuugua, kwa kuwa wamezoea. Kifaranga mgeni hajazoea. Basi usimwachie juu ya sakafu ya zamani. Ondoa takataka, osha, paka chokaa, acha ikauke, ndipo umlete. Sakafu ibaki kavu siku zote. Ukiona damu katika kinyesi, mwulize mganga wa mifugo mara moja, maana dawa ipo, lakini haingoji.

Kuku mkubwa aliyenunuliwa sokoni naye asiingie bomani siku hiyo hiyo. Akae peke yake majuma mawili au zaidi. Wengi wameleta kideri nyumbani kwa njia hii. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima. Chanjo yake ipo, nyingine hutiwa tone moja jichoni. Hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Chanjo si dawa ya kuku aliyekwisha kuugua. Ni ngao ya kuku mzima. Chanjeni siku moja kijiji chote, maana ukichanja wako na jirani asichanje, moto uko mlangoni.

Na ninyi mnaokaa machimboni, neno jingine. Mahali pengine wachimbaji hutumia zebaki kukusanya dhahabu. Zebaki ni sumu. Msiwaache kuku kunywa maji ya mahali pa kuoshea dhahabu, wala kuchakura mchanga wake. Sumu ikiingia katika kuku, huingia katika mayai, na mtoto atakula yai hilo.

7. USIUZE MTETEA ANAYEATAMIA

Fedha inapotafutwa kwa haraka, mtu huuza kuku aliye karibu. Mara nyingi huyo ni mtetea wa kienyeji, kwa sababu nyama yake yapendwa na bei yake ni nzuri. Fikiri kwanza. Mtetea aliyelea vifaranga vizuri mara mbili ni kiwanda chako. Haombi sanduku kutoka Kasindi. Njia ikifungwa, yeye bado anaatamia. Ukihama kwa hofu ukabeba mitetea miwili na jogoo mmoja, umebeba mwanzo wa boma jipya.

Tena usidhani kwamba kuku wa nyama wakizaana, watoto wao watakuwa kama wao. Wale wametokana na wazazi waliochaguliwa kwa ukoo maalum. Watoto watakaozaliwa kwako hawatakuwa sawa, wala hutapata haraka ile ile.

Na usibadilishe majogoo yote ya kienyeji kwa majogoo ya kigeni. Watoto wa jogoo wa kigeni huwa wakubwa na hutaga zaidi, na hilo ni jema. Lakini wengi wao hawapendi kuatamia. Kijiji kizima kikifanya hivyo, baada ya miaka michache mayai yatakuwa mengi na wa kuyaatamia hayupo. Acheni mitetea kadhaa na jogoo mmoja wa ukoo wa zamani, wasiochanganywa. Na mitetea ya zamani yaweza kuatamia mayai ya Kuroiler. Hapo wa polepole amemzaa wa haraka, na mwenye boma amepata faida kwa wote wawili.

8. MPANGO WA MIEZI MITATU

Mwenye kutaka kuanza na afuate mpango huu.

Mwezi wa kwanza: jenga kibanda chenye vyumba viwili. Chanja kuku wa nyumbani. Weka akiba ya mahindi na soya. Chagua mitetea mitatu iliyo mizuri kwa kulea, uiache iatamie siku moja.

Mwezi wa pili: tafuta mnunuzi kwanza, awe mwenye hoteli, mwenye duka la machimboni, au watu wa arusi. Afikiane nawe siku. Ndipo ununue vifaranga wa nyama, kwa hesabu ya chakula ulicho nacho. Wakae chumba chao.

Mwezi wa tatu na baada yake: wape wa nyama haki yao mpaka majuma sita au manane, uwauze wote. Usibakize wawili watatu kwa huruma. Katika fedha uliyopata, toa kwanza ya chakula na chanjo ya mara ya pili. Vifaranga wa mitetea yako waache wakue. Usiwahesabu kwa majuma. Wahesabu kwa miezi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Tenga kwa ukubwa, si kwa umri.

Wadogo wawe na mlango wao wa chakula.

Hesabu kilo za chakula kabla ya kuhesabu vifaranga.

Sakafu kavu ni dawa ya kwanza.

Kuku wa haraka awe na mnunuzi kabla hajazaliwa.

Mtetea mwenye kuatamia asiuzwe kwa njaa ya siku moja.

Haya si magumu. Kesho asubuhi, kabla ya kumwaga chakula, simama kidogo penye kibanda chako uwaangalie. Nani anakula, na nani anazunguka nyuma? Yule anayezunguka nyuma ndiye wa kutengwa leo, maana huyo mdogo ndiye atakayetaga mwakani.